Ama Mukiri Ama Njiru

Jumamosi, 7 Juni 2025
Carol wangu amekuja kutoka yunivasiti Embu! Anasoma lojiki. Hapa Maua nani mwingine ana mtoto wa lojiki? Amenifundisha nikichambua maharagwe: ama hiki ama kile. Si hiki. Basi ni kile. Nikashika mara moja! Akili alitoa kwangu. Akasema, lakini mum, hakikisha hivyo viwili ndivyo vyote. Ndiyo, ndiyo.

Jumapili, 8 Juni
Carol karudi Embu asubuhi. Kanisani nimewaeleza akina mama lojiki, hata mke wa pasta aliomba nirudie. Kurudi nyumbani — kifurushi! Miraa ya heshima, imefungwa kwa majani ya mgomba, ile ya kuposa msichana. Mtu wa pikipiki alimwachia jirani, hakusema ametumwa na nani. Bwanangu Kobia akataka tungoje. Kwa mila yetu, baba akishatafuna, amekubali. Nikamwambia, mzee, tumia lojiki! Anayeweza kumposa Carol ni Mukiri wa pikapu, ama Njiru, yule mwalimu wa Carol mwenye gari. Mukiri alioa Disemba. Basi ni Njiru! Kobia akafungua. Ametafuna mpaka jioni akiniita profesa.

Jumatatu, 9 Juni
Soko lote linajua mkwe wangu ni mwalimu wa yunivasiti. Sikuficha.

Jumatano, 11 Juni
Ni Muthamia. Mungu wangu! Yule aliyefiwa na mke, mkubwa kuliko Kobia, meno yenyewe ya kuhesabika. Ametuma salamu kwa "mkwe wake", Jumamosi analeta wazee. Nikampigia Carol. Nilidhani atalia. Akauliza tu, mum, kanuni iko sawa, lakini nani alikuambia wako wawili tu? Na Njiru ana mke!

Jumamosi, 14 Juni
Wamefika. Niko jikoni nachungulia, chai haijachemka. Carol naye amekuja, ameketi katikati yao! Muthamia anasema miraa ikishatafunwa mambo yamekwisha. Carol anamjibu polepole: babu, aliyetafuna ndiye aliyekubali, sivyo? Ndivyo, wanasema wazee. Carol anaendelea: basi ni baba ama ni mimi. Mimi sijaonja hata jani. Mchukueni baba! Wazee wamecheka mpaka viti vinalia. Mwanangu huyo!

Muthamia hajacheka. Anauliza, wewe Kobia, ulifungua bila kujua ni ya nani? Nani alikushauri?

Kobia anakohoa. Sasa viti vinasogezwa, na hatua zinakuja huku jikoni —