Mduara Msafi Kwenye Kisahani

Jumatano, Ihumwa. Upepo tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno. Na mimi, mwenye mdomo kuliko wote mtaa huu, leo sina la kusema.

Shule niliishia kidato cha pili, lakini maabara ya chuo wananijua. Magome ya msegese wanayoyachunguza nayatoa mimi, Kibakwe milimani. Wasomi wazima na vitambi vyao, bila mimi wangebandua hata mpera. Cheka tu, ndiyo hivyo.

Wiki iliyopita dada Neema, mtafiti wa pale, aliniita nichungulie kisahani wanachooteshea vijidudu. Vijidudu sugu vimetanda kama ukungu kwenye ugali uliolala. Penye dawa ya hospitali peke yake, vimeisogelea bila aibu. Penye gome langu peke yake, vinastarehe. Penye vyote viwili, mduara msafi, kijidudu hakuna! Gome linavilegeza, dawa inavimaliza.

Nilitoka mbio hadi wodini kwa kaka yangu Yona. Alianguka na pikipiki, kidonda cha mguu kikaingia vijidudu vya aina hiyohiyo, na sindano zote zimeshindwa. Madaktari walitaka asaini akatwe chini ya goti. Nikamwambia kwa mbwembwe zangu zote, "Kaka, usisaini. Mguu wako nimeshauokoa."

Hakusaini.

Leo nimeenda kuichukua hiyo dawa. Hadi chupa nilibeba. Dada Neema akaniangalia kama vile nina malaria.

"Mdogo wangu, kisahani hakina figo wala ini. Hatujui kiasi gani kinaua vijidudu na kiasi gani kinaua mtu. Hii ni kazi ya miaka."

"Basi nimchemshie mwenyewe anywe. Si dripu ya dawa anayo tayari?"

"Ukimchemshia, utamzika."

Nilingoja acheke. Hakucheka.

Kiroba cha magome kiko hapa chini ya kitanda changu. Dawa inadondoka kwenye mshipa wa kaka. Vyote viwili vipo, Dodoma hii hii, na siruhusiwi kuvikutanisha.

Jioni nimepitia wodini. Nesi kanivuta pembeni: homa imepanda, uvimbe umevuka goti. Sasa hawaongelei tena chini ya goti. Wakichelewa zaidi, hawataongelea mguu kabisa.

Yona kaniona mlangoni, kacheka na midomo yake mikavu. "Daktari wangu huyo! Nimewaambia wasubiri, mdogo wangu analeta dawa. Iko wapi?"

Nikasema kesho.

Nimesema kesho! Halafu nikaondoka.

Alfajiri, kabla manesi hawajabadilishana zamu, nitakuwa pale kumwambia asaini. Tangu nirudi nafanya mazoezi kwa sauti, peke yangu chumbani: "Kaka, saini." Maneno mawili tu, na yananikwama.

Mbona yale ya kujisifu hayakunikwama?