Usukani wa Vidole Vinne

Mjomba,

Nakuandikia Kiswahili, kile ulichorudi nacho kutoka Unguja ukanifundisha mezani kwako Mutsamudu, huko Nzwani, mikono yetu imejaa vumbi la plastiki. Shuleni nina Kifaransa, chuo cha Kurani nina Kiarabu. Haya hayasemeki kwa chochote kati ya hivyo.

Habari ya kifo chako ilitufikia hapa Moroni kwa kuzunguka. Kisiwa cha Nzwani kimejitenga na simu zake hazishiki huku, basi alipigiwa binamu yako aliye Ufaransa, naye ndiye aliyetupigia sisi. Ulikuwa umeshazikwa. Mama alikaa sakafuni akauliza meli inaondoka lini, na sote tulijua njia imefungwa, hakuna meli. Mimi nilikuwa na kisu mkononi. Nikwambie ukweli, sikulia. Niliendelea kukata.

Nilikuwa nakata usukani wa meli yetu ya kuchezea, ule ubao wa nyuma unaoigeuza majini, kutoka kwenye dumu la mafuta ya kupikia. Mwili wa meli uko kwako, umebaki huo usukani tu. Nilifanya ulivyonionyesha: mstari kwa ncha ya kisu, kisha kupita juu yake tena na tena bila kukandamiza.

Mara ya mwisho tulipozungumza kwenye simu ulisema, "Urefu wake vidole vinne. Umesikia, bubu wangu?" Nikajibu ndiyo. Nilitaka kuuliza, vyako au vyangu? Nikaona haya. Nikajiambia nitauliza siku nyingine. Halafu simu zikakatwa.

Nimekata kwa vyangu, Mjomba. Umetoka mdogo kama kijiko cha chai. Vidole vyako vilinenepa kwa kamba za bandarini, kimoja karibu viwili vyangu. Karibu. Sikumbuki vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza. Waliokuosha walivishika. Mmoja wao angepima kwa uzi tu. Lakini nani angewaambia, na kwa njia gani?

Mama haongei tena sokoni. Watu wakisikia matamshi yake ya Nzwani wanamgeukia, wengine wanamwambia arudi kwao. Kwa hiyo yeye ananibana mkono, na mimi ndiye ninayeuliza bei ya muhogo. Mimi, bubu wako. Ungecheka mpaka ukohoe.

Jana nilianza upya. Nilikata kipande kikubwa, kirefu kuliko kiganja chako chote. Dumu lina mviringo, basi nikakitia maji ya moto, nikakilaza chini ya jiwe la kusagia mpaka kikapoa kimenyooka. Sikukigusa tena. Kupunguza naweza, kuongeza siwezi.

Njia ikifunguka nitakuja nacho. Sijui lini, na hakuna anayejua. Nitakusomea Yasini kaburini kwanza. Kisha nitakaa mezani kwako, upande wangu, nipunguze kidogo kidogo hadi kikae mahali pake kwenye meli.

Pumzika, Mjomba. Mungu akupokee kwa upole. Kipande kiko chini ya mto wangu, bado kikubwa mno.

Bubu wako