Besi Wanyamaze Hadi Mstari wa Tatu

Nyamache,
S.L.P. 87,
Kisii.
Jumanne, 6 Agosti 1974.

Mpendwa Kaka Jethro,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Hujambo huko Mombasa? Wifi yangu Kwamboka naye, na kikohozi cha mtoto kimepoa? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua kukiwa na baridi, lakini bado anachuma chai kutuzidi sote, na tukichelewa shambani anatusema hadi jioni.

Barua yako nimeipata. Unaniomba nisimame Sabato ijayo mbele ya kanisa niungame, ili niachiwe kwaya niliyoiongoza miaka sita. Nakuheshimu, kaka, lakini ulisikia ya upande mmoja. Sasa sikia na yangu.

Jumapili huwa namsaidia mke wa mwalimu wa hesabu, yule mama wa Kitamil kutoka Madras, kuchambua maharagwe, naye hucheza santuri za filamu za kwao. Iko moja yenye wimbo ule ule pande zote mbili. Upande wa kwanza anaimba mwanamume, filimbi na ngoma ndogo zikimkimbilia. Hata miguu yangu ya Kisabato haikutulia. Upande wa pili anaimba mwanamke, polepole, ngoma hakuna, fidla tu zinamjibu kila anapovuta pumzi. Machozi yakanitoka juu ya maharagwe ya watu. Kitamil sijui hata neno la kuomba maji. Basi nani aliyeniliza, kama si koo la yule mwanamke, na yule aliyejua ala zipi azinyamazishe?

Hilo ndilo nililopeleka kanisani, si wimbo wa filamu. Nilichukua wimbo wetu wa kitabuni, maneno na tuni yake vile vile. Nikawaambia besi wanyamaze hadi mstari wa tatu. Ubeti wa kwanza nikampa Bitutu peke yake, yule mwenye sauti nyembamba ambaye siku zote tulimficha nyuma, na wengine wakawa wanamjibu kwa kuvumisha, midomo wameifunga. Mzee Ratemo, mzee wetu wa kanisa, akalia, akasema amina mara tatu.

Wiki iliyofuata akaambiwa nilikojifunzia. Papo hapo ile amina yake ikawa dhambi, na dhambi ikawa yangu! "Sema tu umekosa, mwalimu, hii maneno iishe," ananiambia. Lakini nikiwauliza ni noti gani iliyokosea, wananiambia tena niungame.

Kwa hiyo leo asubuhi nimempelekea vitabu vyote vya kwaya. Alinisihi niseme neno dogo tu. Nikamwambia neno hilo dogo ni uongo, na uongo siwezi kuusema kanisani. Nimeumia, kaka, sikufichi. Nimelia njia nzima kurudi. Hata hivyo Sabato nitakuwepo, kwenye benchi la nyuma pamoja na wenye watoto wachanga, na nitaimba kwa nguvu zangu zote. Anayetaka kunitoa aje anishike mkono.

Tafadhali usimwandikie Mzee Ratemo kuniombea msamaha.

Mama na mdogo wetu Drusilla wanakusalimu. Nisalimie wifi, na binamu yetu Nyasani ukimwona. Mungu awalinde nyote huko kwenye joto.

Ni mimi dada yako akupendaye, anayetubu makosa yake tu,

Bathsheba