Matundu ya Krenki ya Mzee Cleophas

Jumanne, 4 Novemba 2025

Tumefungua injini ya Landrova ya Mzee Cleophas. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ni ileile ya mwaka sitini na nne! Kwenye kila shingo, pale mkono wa pistoni unaposhika, tundu la oili linaingia upande huu, linatokea upande wa pili. Nyingine nilizowahi kuzishika zina tundu upande mmoja tu. Nimemwonyesha Ignasi, fundi mwenzangu, kaguna tu. Kesho anaipeleka Mbeya ikachongwe. Nimeziba matundu kwa kipande cha mshumaa nilichokikuta dirishani, vumbi lisiingie. Kimeisha katikati ya kazi. Basi, upande mmoja wa kila shingo unatosha.

Ijumaa, 7 Novemba

Radi kutwa. Mke wangu Kristiana katafuta mshumaa wake uliobarikiwa, ule wa kuwasha radi ikipiga. Haupo! Wiki hii aliyeingia ndani ni Ignasi peke yake. Nimeweka akilini.

Alhamisi, 13 Novemba

Ignasi karudi. Siku nane! Ati foleni, ati umeme. Krenki inang'aa. Nimeizungusha — shingo zote nne, tundu upande mmoja tu. Hii si yetu! Kuna mtu Laela anazitafuta krenki za zamani, na basi la Mbeya linapita hapohapo. Nimemuuliza alilala wapi. Kacheka: kaka Eustaki, siku hizi umekuwa polisi? Kile kicheko sikukipenda.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimemwambia Mzee. Kamwita Ignasi mbele yangu: kesho krenki irudi, la sivyo kituoni. Ignasi hakujitetea. Kaniuliza tu, "Kaka, umepitisha waya?" Kaacha spana zake mezani, kaondoka. Miaka kumi na saba tumekula sahani moja. Roho imeniuma. Lakini asiye na kosa si angepiga kelele?

Jumamosi, 15 Novemba

Asubuhi nimeimwagia krenki maji ya moto, kutoa grisi tu. Shingo ya kwanza ikadondosha kitu cheupe. Ya pili pia. Nimepitisha waya tunduni — unapenya hadi upande wa pili. Zote nne!

Kristiana kapita na ndoo, kainama, kaokota. Anauliza: si mshumaa wangu huu?

Nimerudi ukurasa wa tarehe nne. Mwandiko wangu.

Simu ya Ignasi haipatikani. Nimeketi benchi naandika. Gari limesimama nje. Mzee Cleophas anaita toka getini, yuko na askari: "Fundi! Jamaa yako karudisha?"

Kristiana ananitazama, nta iko kiganjani mwake. Mzee kaita tena. Mimi bado naandika.