Kitambaa ku mukono wa kushoto

Mujukuu wangu Kabamba,

Jambo sana kule Lubumbashi. Siye huku Nchelenge tuko wazima, mbuzi amezaa, na nkambo wako mwanamuke anasema wewe ndiye bwana yake muzuri kuliko miye. Mwambie apime macho.

Unaniuliza: "Nkambo, pikipiki najua tayari, mbele ya kuja huko nijifunze tena nini?" Ee kijana! Mimi pia nilijua. Ku Pweto hakukuwa mutu wa kunishinda. Siku nilivuka mupaka, nikapita kijiji cha Puta mbio, kifua mbele, upande wa kuume kama kwetu Congo. Kumbe huku wanapita kushoto! Kamyo, lori kubwa ya samaki, ikanijia uso kwa uso. Nikapindua pikipiki, nikaangukia mu chisense, samaki wadogo ambao binti mumoja alikuwa anaanika ku muchanga.

"Weye wa Congo," akasema, "ulikuja kuendesha ao kuanikwa?"

Akapasua kitenge chake, akanifunga kitambaa ku mukono wa kushoto. "Upande huu ndio wako." Akanizungusha pale ku ziwa, kukata kona, kusimama, kupisha bata, watoto wanacheka, mpaka mukono ukajua bila kutazama kitambaa. Hapo ndipo akaniacha nirudie lami. Mpaka leo, harufu ya chisense inanirudisha asubui ile.

Binti yule ndiye nkambo wako. Amesikia unakuja, amepasua kitenge kingine. Kuja, lakini lami utaigusa siku yeye atakubali.

Miye nkambo wako, ningali naendesha kukushinda.