Kuchagua Tanga Jipya Bila Wewe

Mwanangu Kunda,

Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la tatu, mistari yangu inapanda mlima kama mbuzi. Utanivumilia. Tangu tukuzike hapo kwenye migomba naongea na wewe kila nikipita kukata majani ya ng'ombe, ila hili la leo nimeona niliandike, maana ni la kwenu wawili, wewe na mumeo Bakari, na limenikuta sina wa kumuuliza.

Unakumbuka ulivyoanza kazi kwa yule fundi wa mahema ya watalii kule Moshono? Ulikuwa unarudi hapa Maji ya Chai unanukia turubai mpaka paka anakukimbia. Siku moja ukaja unacheka peke yako. Mzungu mmoja alikuwa ametuma tanga la yoti yake, ile mashua ya starehe, kutoka Pangani lije kushonwa huku, kwenye cherehani za kutoboa kitambaa kigumu.

"Mama, ni kubwa kuliko nyumba yetu! Na kijana aliyelileta ni mzuri kuliko tanga."

Nikakuambia uangalie sindano. Wala hukuangalia sindano.

Yule mzungu alipotaka kurudi kwao akawauzia ile yoti wewe na Bakari, mmeshaoana, mkawa mnatembeza wageni visiwani, mnalala na kupika humo humo. Nilipokuja kuwaona niligoma kukaa mpaka nionyeshwe breki. Ulicheka ukashika mlingoti usianguke. "Bakari, mpe mama breki yake!" Akanipa kamba. Nikaikamata safari nzima, jasho linanitoka, kumbe haikufungwa popote. Ulinitania nayo mpaka mbele ya wanakwaya.

Halafu homa ikakukamata mkiwa katikati ya maji. Injini ilikufa. Matanga yenyewe yalikuwa yamelegea kwa uzee. Mlipofika hospitali daktari alisema mmechelewa. Mimi sikuzaa mwingine, Kunda. Nilimchukia Bakari, nisikufiche. Akipiga simu naiacha ilie.

Jumamosi akaja mwenyewe. Akasimama getini ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Sijui nani alimfundisha, mtoto wa pwani yule, kwamba huku kwetu mtu akikuletea isale anaomba msamaha na huwezi kumfukuza. Hata babu yako na ukali wake asingeweza. Nililipokea. Nikasema, "Pita, chai ipo." Akalia kabla hajakaa.

Baadaye akatoa mfukoni vipande viwili vya kitambaa, akaviweka mezani.

"Mama, nataka kurudi kazini. Matanga ya zamani hayafai tena. Lakini kitambaa alikuwa anachagua Kunda. Mimi sijawahi. Nichagulie wewe."

Mimi! Basi nikafanya kama tunavyofanya tukinunua turubai la kuanikia kahawa. Nikavivuta, nikavimwagia maji, nikashika kile kizito. "Hiki. Hata mvua ya Aprili haipenyi."

Akacheka kidogo, machozi bado yako shavuni. "Mama, tanga halizuii mvua, linakamata upepo. Hicho kinadumu, na dhoruba kinaiweza. Ila upepo ukiwa mdogo kinaning'inia tu kama shuka kwenye kamba. Hiki chepesi kinaamka hata kwa pumzi. Lakini hakidumu, na upepo mkali ukija lazima ukishushe mapema."

Mwanangu, nilitaka kile kizito. Nilikikumbatia kabisa. Kila nikisikia upepo kwenye migomba nawaza dhoruba, na huyu ndiye amebaki wa kuniita mama. Kisha nikauliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza.

"Bakari, siku ile upepo ulikuwaje?"

Akainamisha kichwa.

"Ulikuwa mdogo, mama. Tulikuwa tunauona mji. Hatufiki."

Kunda wangu. Mlikuwa mnauona mji.

Nilikiweka chini kile kizito. Nikachukua chepesi nikamtia mkononi, nikamkunja vidole akishike.

"Chukua hiki. Na injini uitengeneze."

"Nimeshatengeneza, mama."

"Na upepo mkali ukija ushushe mapema. Usione aibu mbele ya wageni wako."

"Nitashusha."

"Bakari!"

"Nitashusha, mama. Naapa."

Ameondoka leo asubuhi na mkungu wa ndizi. Nimemwambia akifika popote anipigie, nami nitapokea. Hasira imeniisha, lakini kifua hakijapoa, na hofu ndiyo kwanza imeanza upya. Labda nimekosea. Wewe ungekigusa tu kitambaa ungejua. Mimi nimechagua kile ambacho kingekufikisha wewe.

Lala, mwanangu. Nikisikia kafika, nitakuja kukuambia hapo kwenye migomba.

Ni mimi mama yako, nisiyeijua bahari.