Kinyozi Hakusema Amina

Jumatatu, 4 Machi

Wengi hukosea kuhusu wiki ya ziara. Hudhani kazi ya mzee wa kanisa ni kuuliza swali. Kuuliza ni kazi ndogo, hata kasuku anaweza. Kazi yenyewe ni kusikia jibu.

Nimefundisha historia karibu maisha yangu yote na tabia ya kueleza haijanitoka, hata ninapoandika peke yangu. Basi nijieleze. Kanisani kwetu, wiki moja kabla ya Meza ya Bwana, kila mzee huzunguka nyumba za mtaa wake. Anaketi, anapewa chai, kisha anauliza: una ugomvi na mtu yeyote? Asiye na ugomvi hupewa kipande – kiduara cha bati chenye msalaba, ukubwa wa kifungo cha koti. Jumapili hukitumbukiza kwenye sanduku la mlangoni, akashiriki Meza. Mwenye ugomvi huambiwa akapatane kwanza. Utaratibu wa zamani, na mimi naupenda. Mwaka jana niliwanyima mtu na shemeji yake kwa sababu ya ukuta wa choo. Walipatana Ijumaa, tena kwa kicheko.

Leo nimeanza na kinyozi. Hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Jumapili iliyopita niliongoza sala ya vita. Mchungaji alinichagua mimi kwa sababu, alisema, nina maneno. Niliomba jeshi letu lishinde, na adui afagiliwe asibaki wa kupeleka habari kwao. Kanisa zima lilisimama likaitikia Amina. Kinyozi alibaki ameketi, mikono magotini, kimya. Wazee wakasema: aliyekataa Amina ana ugomvi na kusanyiko zima. Nikatumwa.

Dukani hakukuwa na mteja. Alikuwa ananoa wembe.

"Shikamoo, Mwalimu. Umekuja kunyolewa au kuninyoa?"

Nikamwuliza swali.

"Nina ugomvi na mke wangu, kila asubuhi. Ila huwa tumeumaliza kabla ya chai."

"Na kusanyiko?"

"Sina. Wao ndio wananikodolea macho."

Nikamweleza. Kwamba watu wa imani wamelifikiria jambo hili kwa karne nyingi. Vita vya haki lazima vitangazwe na mwenye mamlaka, viwe vya kumlinda aliyeonewa, na nia yake iwe kurudisha amani. Wale wa upande wa pili walivuka mpaka wakachoma masoko. Tukae tu tukiwaangalia? Nilieleza vizuri. Huwa najijua ninapoeleza vizuri.

"Utanimaliza, Mwalimu," akasema. "Mimi siwezi kubishana nawe. Pengine ni vya haki, sijui. Lakini uliposema wafagiliwe, niliona vichwa. Ndiyo kazi yangu, nashika vichwa kutwa. Amina ikanikwama."

Kisha akaharibu kila kitu, kama kawaida yake. Akasema majenerali wote wana vipara, ndiyo maana hawaoni uchungu na vichwa vya wenzao. Akacheka peke yake.

Sikumpa kipande. Nadhani nimefanya sawa.

Jumanne, 5 Machi

Nyumba nyingi, hakuna jipya. Hakuna mwenye ugomvi.

Kwa muuza mkaa redio ilikuwa inatangaza idadi ya waliouawa upande wa pili. Aliongeza sauti, akajipiga paja. Nikamwuliza swali. Hana ugomvi na mtu, akasema, moyo wake mweupe japo mikono ni hii unayoiona. Tukacheka. Nikampa kipande.

Alinidadisi kuhusu kinyozi. Mzee hapaswi kusema nani amenyimwa, huo ndio utaratibu. Nilisema. Akaitikia, "Safi sana, Mwalimu," na mimi – niandike kweli – niliona raha.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kwa mama dobi nguo zilikuwa zimeanikwa ndani, kamba juu ya kamba, ikabidi niiname kama ninayeingia kwenye banda la kuku. Ni mjane. Mwanawe wa pekee yuko mpakani. Alikuwa anapiga pasi shati la mtu.

Nilipouliza, aliuliza naye: "Niseme kweli, Mwalimu?"

Nikamwambia ndiyo maana ya kuuliza.

Akaisimamisha pasi. Akasema askari wa upande ule hawachukii, ni watoto kama wake. Anachotaka ni mama zao walie. Kila akipiga magoti anawaombea msiba, mmoja mmoja, akiwafikiria wamekaa jikoni mwao. "Nataka walie wao, nisilie mimi. Redio ikisema wamekufa wengi, nalala. Nalala kama mtoto mchanga."

Maji ya nguo yalikuwa yakidondoka kwenye beseni. Nikamwambia huo ni uchungu wa mzazi, Bwana anaelewa. Nikaweka kipande juu ya shati alilokwisha kulikunja. Akakitazama. Akanitazama mimi. Hakushukuru.

Nilidhani amechoka. Nikaenda nyumba inayofuata.

Alhamisi, 7 Machi

Wamevunja kioo cha kinyozi.

Nilipita asubuhi, nikitoka kununua dawa ya presha. Mlango ulikuwa wazi. Mke wake anaokota vigae kwa kitambaa, yeye yuko juu ya kiti chake cha kunyolea anang'oa vipande vilivyobaki ukutani. Na juu ya mlango, kwa mkaa, herufi kubwa: HAKUPEWA KIPANDE.

Hawakuandika msaliti. Hawakuandika adui wa nchi. Wameandika nilichofanya mimi. Na kwa mkaa! Nilimwambia mtu mmoja tu.

Nilivuka barabara, nikapita upande wa duka la viatu, nikajifanya natazama ndala. Mtu mzima wa umri wangu! Kinyozi aliniona. Alikuwa na kijipande cha kioo mkononi, aliniona humo au kwa macho yake, sijui. Akaendelea kung'oa.

Leo sikuzuru nyumba yoyote. Nimemwambia mke wangu goti linauma.

Ijumaa, 8 Machi

Nitajaribu kuiandika siku hii kwa mpangilio.

Nilikuwa nafagia ua. Mama dobi akaja, kanga begani, mikono bado ina mapovu. Nikamkaribisha ndani. Akakataa, akasimama palepale langoni.

"Nimekurudishia hiki." Kipande.

Nikamwuliza kuna nini, mama.

"Mwalimu, nilikwambia kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kumwambia mtu. Hata marehemu mume wangu hakuwahi kunisikia hivyo. Na wewe ukanipa kipande kama unayenirudishia chenji."

Nikaanza kusema nilimhurumia.

"Hukunihurumia. Hukunisikia. Mimi nilitaka uninyime! Uninyime, useme, mama, hili zito, tuombe, nitarudi kesho. Ungerudi kesho, ningekuwa na mtu. Sasa nina bati." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na fagio langu: "Kinyozi hakumwombea mtu kifo. Umemnyima. Mimi niliomba, umenipa. Mnapima kwa kipimo gani huko?"

Akaondoka. Hakunipa nafasi ya kueleza.

Mke wangu alikuwa dirishani. Anasikia kila kitu, hata visivyosemwa. Nilipoingia aliniuliza: "Baba, hivi nani huja kukuuliza wewe?"

Hakuna. Wazee hawazuriwi. Katika miaka yote sijawahi kuliona hilo kuwa ajabu.

Akafuta mikono, akavuta kigoda, akaketi mbele yangu jinsi ninavyoketi majumbani mwa watu. Hata akakohoa kidogo, kikohozi changu kabisa, mtani mkubwa huyu.

"Una ugomvi na mtu yeyote?"

Nikamwambia jambo hili lina pande mbili, kwamba mtu anaweza kuunga mkono vita bila chuki binafsi, kwamba tofauti hiyo –

"Mzee wangu, sikuomba somo. Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Na kinyozi."

"Kisa?"

Si nchi. Si waliochomewa masoko. Niliiandaa sala ile kwa bidii, nikaisoma chumbani kwa sauti, nikachagua mahali pa kutulia na mahali pa kupandisha. Kanisa likasimama kama nilivyopanga. Yeye akaketi. Nilimnyima Meza ya Bwana kwa sababu hakunipigia makofi.

Nilimwambia hivyo hivyo. Hakushangaa, na hilo liliuma kuliko kama angeshangaa.

"Na wale uliosema wafagiliwe?"

"Siwajui."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akainuka kwenda kutazama sufuria. Akaacha kigoda pale mbele yangu.

Sasa nimekaa na vitabu vyangu. Nimefungua vile vile nilivyovitumia kumfunga mdomo kinyozi. Sijabadili mawazo kuhusu masoko yaliyochomwa. Mtu akivunja mlango wa jirani, siamini Bwana ananitaka nitazame ndala dukani. Hilo bado naliamini, au nadhani naliamini. Lakini walioandika hoja hizi waliziandika kwa mtu anayelazimika na anayeomboleza. Vita viruhusiwe kama daktari anavyokata mguu. Hakuna mahali niliposoma kwamba mtu anaruhusiwa kufurahi. Mimi nilifurahi. Muuza mkaa alijipiga paja nikaona ni mtu mwema. Dobi alisema analala vizuri wengine wakifa, nikaona ni jambo la kawaida – kwa nini? Kwa sababu hata mimi nalala vizuri.

Hapo ndipo hoja yangu ilipooza. Pengine si hoja, pengine ni mimi. Je, yupo anayeweza kuunga mkono vita akabaki anaomboleza mpaka mwisho? Sijamwona. Nimejitafuta humo, sipo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa mchungaji. Nilimkuta anapanga vikombe vya Meza, anavihesabu na kufuta kila kimoja kwa kitambaa cheupe. Ni kijana, umri wa mwanangu wa mwisho, ana heshima zote.

Nikamwambia nataka kumpa kinyozi kipande, tena nitamke mbele ya kusanyiko kwamba nilikosea kumnyima. Na sala ya ushindi ya kesho, niliyopangiwa tena, sitaiongoza.

Alinisikiliza. Kisha akasema, "Baba, nakuelewa sana." Mtu akianza hivyo ujue hupati kitu. Akasema watu wana majeraha, nyumba nyingine zina misiba. Tukigeuka sasa watasema kanisa halina msimamo, na mwenye kufurahi atakuwa adui. Wazee walikata shauri pamoja, hawezi mmoja kulivunja. Tusubiri vita viishe. Kioo cha kinyozi tutakinunua, kimyakimya.

"Kwa nini kimyakimya?" nikauliza.

Akaendelea kufuta kikombe kilichokwisha kuwa safi. Mwishowe akasema, "Baba, kaka yangu naye yuko kule mpakani."

Sikujua. Nimekuwa mzee wake miaka yote hii sikujua. Nikamwuliza anamwombea vipi. Akasema anaomba arudi. Basi. Arudi tu. "Mambo ya kushinda," akasema, "nilikupa wewe useme, kwa sababu mimi yalinishinda."

Tukatazamana. Nilidhani hapo atalegea. Akakaza zaidi. Kesho, alisema, sala iko palepale, na akiniona sijafika ataelewa kuwa ni goti.

Kumbe habari za goti zimefika hata huko.

Nimerudi kwa njia ndefu. Duka la kinyozi lilikuwa limefungwa, na yale maneno juu ya mlango yamesuguliwa kwa maji, yamebaki kama moshi. Bado yanasomeka. Nikasimama. Nikasikia wakiongea ndani, yeye na mkewe. Mke akisema wahamie kwa dada yake kwa muda, yeye akisema huko atamnyoa nani, watu wote wa kwa dada yake wamesuka. Mke akacheka huku analia. Nilikuwa nimeinua mkono nibishe.

Sikubisha.

Jumapili, 10 Machi

Kengele ya kwanza imelia. Mke wangu amekwisha kuvaa, ameketi kibarazani, haniulizi kitu. Viatu vyangu amevipiga kiwi, ameviweka mlangoni, ncha zikielekea nje.

Nimejipanga tangu alfajiri. Nimetunga jinsi nitakavyoanza, sababu nitakazotaja kwanza na zitakazofuata, hata utani mdogo wa kulainisha. Nimeyasoma chumbani kwa sauti. Nikajisikia nikichagua mahali pa kutulia na mahali pa kupandisha! Mtu habadiliki kwa wiki moja.

Mama dobi amepita barabarani sasa hivi, nguo za kanisani, mikono mitupu. Ameniamkia kwa mbali. Ataketi nje, nadhani, karibu na dirisha. Nyuma yake mtoto wa jirani akapiga kelele kwamba kwa kinyozi kuna mkokoteni, wanapakia kiti.

Kama Mkristo anaweza kuunga mkono vita, sijui. Nilimfundisha kila mtu kwamba anaweza, na sitalimaliza suala hilo kabla ya kengele ya pili. Lisubiri. Hili jingine halisubiri.

Acha kalamu, vaa viatu, nenda kwa kinyozi ukamwombe radhi.